Ikoni za fonti: kila kitufe kiwe na jina

Mkulima asiyeona wa Nachingwea akitaka kujua bei ya ufuta mnadani, anawasha TalkBack, programu inayomsomea kilichopo kwenye kioo cha simu. Akigusa kitufe chenye mshale wa kupakua, mara nyingi anaambiwa tu kwamba hapo pana kitufe. Cha kufanya nini, haambiwi.

Sababu ni kwamba ikoni nyingi za tovuti si picha, ni herufi. Fonti kama Font Awesome huweka michoro yake kwenye sehemu ya Yunikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, iliyotengwa kwa matumizi binafsi, U+E000 hadi U+F8FF. Herufi za huko hazina maana iliyokubaliwa, kwa hiyo kisoma skrini ama kinanyamaza ama kinatamka kisichoeleweka. Material Icons, fonti nyingine ya ikoni, ina kasoro yake: fundi wa tovuti anaandika shopping_cart, fonti inayageuza maneno hayo kuwa mchoro wa toroli. Anayeona anaona toroli. Asiyeona anasomewa Kiingereza katikati ya ukurasa wa Kiswahili.

Dawa yake haichukui hata dakika tano, ndiyo maana inaniuma kuona inarukwa. Kwenye msimbo wa ukurasa, weka aria-hidden="true" kwenye ikoni ili kisoma skrini kiipite, kisha ndani ya kitufe andika "Pakua bei za ufuta". Maneno yanayoonekana ndiyo bora kuliko yote, maana hata wenye macho mazima, hasa wazee, hawajui vile vistari vitatu vinafungua nini. Nafasi ikibana, tumia aria-label, jina lisiloonekana ambalo kisoma skrini hulisoma, lakini iwe kwenye kitufe chenyewe. Ikoni ya pambo ifichwe tu. Ukurasa mzima uandikwe lang="sw", ili simu yenye sauti ya Kiswahili iitumie.

Vijijini Liwale au Newala mtandao ukisuasua na faili la fonti lisifike, ikoni zinageuka visanduku vitupu, au maneno kama shopping_cart, kwa kila mtu. Ndivyo inavyowatokea pia wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, wanaobadilisha fonti ili wasome vizuri. Michoro ya SVG, ambayo ni picha na si herufi za fonti, haina tatizo hilo. Kwa tovuti mpya ningeanza nayo, nayo pia ipewe jina.

Kabla tovuti haijafunguliwa kwa umma, washa TalkBack, au NVDA, kisoma skrini cha bure cha kompyuta za Windows. Fumba macho, utafute bei. Kila kitufe kisichotaja kazi yake kirudi kwa fundi kabla ya msimu wa minada.