Protini zinazoshikanisha seli si gundi tu

Wengi tulifundishwa kwamba protini zinazoshikanisha seli ni kama saruji kati ya matofali: zinazuia tishu isimeguke, basi. Hiyo ni nusu tu ya habari.

Chukua beta-katenini, mojawapo ya protini za kundi liitwalo katenini. Katenini zilipopewa jina hilo mwaka 1989, zilijulikana kama protini zinazojishikiza kwenye mkia wa kadherini (protini inayopenya utando wa seli na kushikana na seli jirani), chini kidogo ya utando huo, na kuuunganisha mkia huo na nyuzi za aktini, sehemu ya kiunzi cha ndani ya seli. Kazi ya fundi mwashi kabisa. Kumbe mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba beta-katenini hiyohiyo huungana na TCF na LEF, protini zinazokaa kwenye DNA, na kuwasha jeni.

Inakuwaje? Beta-katenini isiyoshikwa na kadherini kwa kawaida haidumu. Kundi la protini, zikiwemo APC na aksini, huikamata, ikabandikwa fosfati, kisha ikavunjwavunjwa. Ishara ya Wnt, protini ambayo seli hutumia kupelekeana ujumbe, ikifika kwenye seli, uvunjaji huo husimama. Beta-katenini hurundikana, huingia kwenye kiini, na jeni kama MYC, inayochochea seli kugawanyika, huamka. Ndiyo maana APC ikiharibika, kama inavyotokea katika saratani nyingi za utumbo mpana, jeni hizo hubaki zimewashwa hata pasipo ishara.

Ila tusirukie kosa la pili, la kudhani kwamba kila seli inayoachana na jirani yake huwasha jeni hizo. Beta-katenini ikiachiliwa na kadherini huku mtambo wa kuivunja ukiwa mzima, mara nyingi huishia kuvunjwa kabla haijafika kokote.