Bima ya robo duka

Naandika hili ili nisilieleze tena kwa simu. Wiki hii mfanyabiashara mwingine wa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla mjini Kampala, kanipigia, sauti imejaa ujanja: "Kaka, moto hauwezi kumaliza duka zima. Stoki yangu ni milioni 80, lakini wewe niandikie 20. Hasara isipozidi hapo nalipwa yote, sivyo?"

Sivyo. Ukiwa na mali ya milioni 80 na bima ya 20, umekata bima ya robo. Moto ukila bidhaa za milioni 20, utalipwa robo yake: milioni 5, tena kabla ya kutoa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Hicho ndicho kipengele cha uwiano. Kimo ndani ya hati uliyosaini, ukurasa ambao hakuna anayeufungua.

Kinachoniudhi ni kwamba jamaa ana hoja. Kweli, moto mara nyingi huteketeza sehemu tu. Ila kampuni inalijua hilo kabla yako, na asilimia wanayokutoza tayari imepigiwa hesabu kwamba kila mtu ataandika thamani kamili. Wewe ulipie 20, jirani alipie 80, kisha kila mmoja achukue 20 kwa hasara ileile? Jirani atakuwa anakulipia.

Kwa wizi, hoja yake inaweza kukubalika. Mwizi habebi duka zima, kwa hiyo kuna bima ya wizi inayowekewa kikomo kidogo kwa makubaliano, mradi thamani nzima umeitaja. Iombe kwa jina la wizi, iandikwe, na usiihamishie kwenye moto.

Halafu thamani inayopimwa ni ya siku ya moto. Uliyoandika Februari, duka likiwa tupu, haitakusaidia Desemba wakati maboksi yamefika darini. Stoki ikipanda na kushuka, omba hati ya kutangaza stoki kila mwezi, ada irekebishwe mwishoni. Andika bei ya kununulia. Faida ina bima yake. Stoo ya pili isiyotajwa kwenye hati haimo.

Tatizo kubwa zaidi ni ushahidi. Maduka ya Kampala yalipofungwa Aprili 2024 kupinga EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, hasira ile niliielewa. Lakini mtu anayeiambia URA ana stoki ya milioni 15 atamwonyesha nini mkadiriaji hasara anapodai 80? Daftari? Liliungua pamoja na duka. Piga picha ankara na rafu, zitume kwa barua pepe, zikae nje ya jengo.

Nakiri nina shaka zangu. Hati ni ya Kiingereza, mwenye duka anafanya biashara kwa Kiswahili na Kiluganda, na wakala anajua kwamba ada ndogo huleta sahihi haraka. Nani alimweleza mwenye duka kipengele hiki? Ukadiriaji wenyewe, mbele ya majivu, una kubahatisha kwingi kuliko tunavyokubali hadharani. Wakadiriaji wawili wanaweza kuleta namba mbili. Kwa maduka madogo sina hakika kipengele hiki ni cha haki kikitumiwa kwa ukali wote. Zipo hati zinazosamehe upungufu mdogo, tuseme ukiwa umefikisha asilimia 85 ya thamani. Uliza kabla ya kulipa.

Ukiona umeonewa, iandikie kampuni kwanza, kisha peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima, IRA. Wana ofisi ya kuyasikiliza. Nenda na hati nzima, si risiti ya ada peke yake, maana swali lao la mwanzo litakuwa uliandika thamani gani.