Amalgamu hudumu kwa kushindiliwa

Mgonjwa anayerudi kliniki na jino lililozibwa mwaka juzi huwa na maelezo tayari: "Daktari, ile dawa ilikuwa feki," au, "Nilitafuna muwa." Mara nyingi sikubaliani naye. Amalgamu, yaani mchanganyiko wa metali tunaozibia meno, ikiwekwa vizuri kwenye gego hukaa miaka 10 na zaidi, miwa ikiwemo. Ikitoka mapema, natazama kwanza mkono wa aliyeiweka.

Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Hainati kwenye jino, hushikwa na umbo la tundu tu. Ndiyo maana tunachonga tundu liwe pana kidogo chini kuliko juu, na amalgamu ipate unene wa milimita 1.5 hadi 2. Ikiwa nyembamba hukatika kama kigae, hata iwe ya bei gani. Ukingo nao unapaswa kukutana na uso wa jino kwa pembe ya karibu nyuzi 90, la sivyo hubaki ulimi mwembamba unaomeguka na kuacha ufa.

Kisha ni kushindilia, na hapa ndipo ninapogombana na madaktari vijana. Foleni ikiwa ndefu, mtu hutia donge zima kwa mara moja, akalipapasa juu, akamwita mwingine. Ndani yake kunabaki mapovu ya hewa na zebaki ya ziada, na vyote viwili huidhoofisha. Inatakiwa kuingizwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kishindiliwe kwa nguvu hadi pembeni kabisa, na zebaki inayopanda juu iondolewe. Amalgamu ya chembe za duara ni laini, inataka kifaa chenye kichwa kipana. Ile yenye chembe mchanganyiko inataka kichwa chembamba na mkono mzito. Na muda hausubiri: zikipita kama dakika tatu tangu kuchanganywa, imeanza kuganda. Tupa, changanya nyingine. Najua kapsuli, vile vichupa vyenye unga na zebaki ya kuchanganya, ni ghali, lakini kurudia jino ni ghali zaidi, na kila kurudia hupunguza jino lenyewe.

Mate ni adui mwingine. Aina zenye zinki zikilowana kabla ya kuganda hutoa gesi ya haidrojeni, na siku chache baadaye amalgamu inavimba, jino linauma. Pamba zibadilishwe kabla hazijaloa, na kifyonza mate kifanye kazi.

Tundu likiwa kati ya meno mawili, ukanda wa chuma unaozungushiwa jino kuizuia amalgamu lazima ubanwe kwa kabari. Bila kabari, amalgamu hufurika chini ya ufizi, chakula kinanasa hapo na uozo unaanza upya, huku juu panang'aa vizuri tu.

Mwisho tunapima namna meno yanavyokutana kwa karatasi ya rangi. Saa ya kwanza amalgamu bado ni dhaifu, inahitaji takriban saa 24 kufikia nguvu zake. Sehemu iliyobaki juu kuliko inavyopaswa inaweza kupasuka siku hiyo hiyo, kwenye mshikaki wa kwanza. Ganzi ikiisha ukahisi jino hilo linatangulia mengine kugusana, rudi kliniki kesho yake. Kuipunguza amalgamu huchukua dakika chache.