Lewis na Clark: faida ilikuwepo, ila si kama inavyosimuliwa

Kikosi cha Meriwether Lewis na William Clark, maofisa wa jeshi la Marekani waliotumwa na Rais Thomas Jefferson kuipeleleza nchi ya magharibi, kilianza kuupanda mto Missouri tarehe 14 Mei 1804, kikafika Bahari ya Pasifiki na kurejea St. Louis tarehe 23 Septemba 1806. Safari ilipoanza, Marekani ilikuwa haijatimiza miaka 30 tangu ijitangazie uhuru. Safari hiyo ililinufaisha taifa hilo changa, na sioni sababu ya kuibeza. Kinachoniudhi ni kwamba sifa za mashujaa wawili zimewafunika watu ambao bila wao safari isingefika popote.

Dhana: Rais Jefferson alinunua Louisiana (nchi kubwa ya magharibi ya mto Mississippi iliyodaiwa na Ufaransa) kwanza, ndipo akatuma watu wakaitazame.

Tarehe zinakataa. Jefferson aliliomba Bunge dola 2,500 za safari hiyo kwa ujumbe wa siri wa tarehe 18 Januari 1803. Mkataba wa kuinunua Louisiana kutoka Ufaransa ulitiwa saini Paris tarehe 30 Aprili mwaka huohuo. Maana yake alipanga kupeleka askari kwenye ardhi ambayo hata kwa sheria za mataifa ya Ulaya haikuwa yake. Alichotaka hasa ni njia ya maji ya kufikisha biashara hadi Pasifiki. Na zile dola milioni 15 hazikuwalipa wakazi wa nchi hiyo: Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliuza dai lake tu. Ardhi yenyewe ilichukuliwa baadaye kutoka kwa wenyewe, kipande kwa kipande, kwa mikataba na kwa vita.

Dhana: Waliingia katika nchi isiyojulikana.

Haikujulikana na nani? Nafasi tupu ilikuwa kwenye ramani za Washington tu. Majira ya baridi ya 1804 na 1805 kikosi kilipiga kambi jirani na vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, jamii za wenyeji wa Amerika, katika Dakota Kaskazini ya leo, vijiji vilivyokuwa soko kubwa la eneo lote. Huko Clark aliwahoji wenyeji kuhusu mito na milima ya magharibi, naye chifu Sheheke akamchorea ramani.

Maarifa hayo yaliwaokoa. Juni 1805 walikuta mto umegawanyika mikono miwili. Karibu kikosi kizima kiliamini Missouri ni ule wa kaskazini. Lewis na Clark wakashika wa kusini. Wahidatsa walikuwa wamewaambia kwamba kwenye Missouri watakuta maporomoko makubwa, na tarehe 13 Juni Lewis akayakuta. Mlimani wenyeji wengine, Washoshone, waliwauzia farasi, na mzee wao mmoja, ambaye wageni walimwita Toby, akawavusha milima ya Bitterroot. Walitokea ng'ambo wakiwa hoi kwa njaa. Wenyeji wa huko, watu wa Nez Perce, wakawalisha samaki na mizizi ya mmea uitwao camas, wakawafundisha kuchonga mitumbwi kwa kuchoma magogo, kisha wakawatunzia farasi hadi waliporudi. Ramani ya Clark iliyochapishwa 1814, na kusifiwa kwa haki, imejaa elimu ya watu hao.

Dhana: Sacagawea aliwaongoza njia nzima.

Hapana. Alikuwa mkalimani, binti mdogo wa Kishoshone mwenye mtoto mchanga mgongoni, na sehemu chache alizozitambua alizionyesha. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye mazungumzo ya farasi, hasa ilipobainika kuwa Cameahwait, chifu wa Washoshone, ni kaka yake. Mumewe alilipwa, yeye hakupata kitu. York, mtumwa wa Clark, naye alitoka mikono mitupu na akaendelea kuwa mtumwa, huku askari wakipewa mshahara mara mbili na ekari 320 kila mmoja.

Dhana: Walifungua barabara ya walowezi.

Njia yao ilikuwa ngumu mno kwa magari ya kukokotwa, na njia ya maji aliyoitamani Jefferson haikuwepo. Walowezi walipitia South Pass, Wyoming, pengo ambalo Robert Stuart na wenzake walilivuka 1812. Faida iliyokuja mapema ni biashara ya ngozi: Manuel Lisa aliupanda Missouri mwaka 1807, na watu wa tajiri wa biashara hiyo, John Jacob Astor, wakajenga kituo kwenye mlango wa mto Columbia mwaka 1811. Safari hiyo pia iliipa Marekani hoja ya kuidai Oregon, eneo la kaskazini-magharibi kwenye Pasifiki, mbele ya Uingereza, mpaka mkataba wa 1846 ulipoweka mpaka kwenye latitudo ya 49.

Dhana: Sayansi ilinufaika papo hapo.

Kitabu cha safari cha 1814 kiliacha nje sehemu kubwa ya maelezo ya mimea na wanyama. Shajara kamili zilisubiri hadi 1904.

Dhana: Kila mtu alivuna.

Mwaka 1837 meli ya wafanyabiashara wa ngozi ilipanda Missouri ikiwa na ndui, na Wamandan wakaangamia karibu wote. Mwaka 1877 jeshi la Marekani liliwafukuza Wanez Perce waliokataa kuhamishwa kutoka kwao, likawakamata karibu na mpaka wa Kanada, na badala ya kuwarudisha nyumbani kama walivyoahidiwa, serikali ikawapeleka Kansas.