Je, wajua kwa nini mtaalamu wa mimea anaweza kumaliza miaka 30 akichunguza familia moja tu ya mimea?

Ukisikia mtu amesoma mpaka PhD, amefundisha, amestaafu, na bado anahangaika na mimea ileile aliyoanza nayo akiwa mwanafunzi, lazima ujiulize yote hayo ya nini, mmea si unauangalia tu unaujua?

Shida inaanzia hapohapo kwenye kuangalia, maana mimea inadanganya sana kwa sura. Chukua kaktasi, zile wengine wanaziita dungusi, halafu weka pembeni yuforbia za Afrika zenye shina nene la kijani, mbavu mbavu, miiba, majani hamna. Watu wengi watakwambia hawa ndugu. Sasa sogea karibu. Yuforbia ukiikwaruza kidogo tu inatoa utomvu mweupe mzito unaounguza ngozi na ni hatari kabisa ukiingia machoni, wakati kaktasi nyingi zinatoa majimaji tu. Miiba ya kaktasi inachomoza kwenye vivimbe vidogo vyenye manyoya, ya hizi yuforbia mara nyingi imekaa miwili miwili. Na maua ndo yanamaliza ubishi: ua la kaktasi lina petali kibao, ila la yuforbia ukilichungulia kwa lenzi unakuta ni vijiua vidogo mno visivyo na petali vimejazana kwenye kikombe kimoja. Kumbe kaktasi iko karibu zaidi na mchicha, na yuforbia ni ya familia moja na muhogo! Kilichozifanya zifanane ni ukame, kila moja ilibadilika kivyake, upande wake wa dunia, kwa mamilioni ya miaka, mpaka zikafikia umbo lilelile la kutunza maji.

Kwahiyo mtu anayetafuta nani ndugu ya nani hawezi kuamini macho peke yake, na hapa DNA imesaidia mno. Mwaka 1993 mtaalamu wa mimea Mark Chase na wenzake walilinganisha jeni moja kwenye mimea karibu 500, na 1998 ukatoka mpangilio mpya wa familia za mimea ya maua unaofuata undugu wa DNA. Mambo mengi yalipinduka. Lotasi kwa mfano, kwa muda mrefu iliwekwa kundi moja na yungiyungi kwa sababu zote zinakaa majini, ikaonekana ndugu zake wa karibu ni miti ya nchi kavu, ikiwemo protea. Mimi hili bado linanishangaza kila nikilisoma.

Lakini DNA haijafuta ile kazi ya zamani, na hii ndo sehemu watu hawaioni. Mmea unachumwa na maua yake, unabanwa kwenye magazeti mpaka ukauke, unabandikwa kwenye karatasi ngumu na lebo: umetoka wapi, lini, nani kauchuma, ua lilikuwa rangi gani maana rangi hupotea. Mkusanyiko wa hizi sampuli kwenye makabati unaitwa hebaria, na ule wa bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza una sampuli kama milioni 7. Mtaalamu anakaa na mamia ya karatasi za spishi moja kwa sababu mmea mmoja ukiota kivulini una majani mapana, juani yanakuwa madogo na magumu, na watu wawili waliouokota sehemu tofauti waliupa majina mawili. Ndo maana majina ya kisayansi yaliyotolewa yanapita milioni moja wakati mimea yenye mishipa (ile yenye mirija ya kupitisha maji na chakula) inakadiriwa kuwa spishi kama 350,000. Kuna zingine zimekaa kabatini miaka zaidi ya 50 kabla mtu hajagundua kwamba hii ni spishi mpya kabisa.

Jicho la namna hiyo halipatikani kwa kozi ya miezi sita. Na maabara inalitegemea kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu DNA iliyotolewa kwenye mmea uliopewa jina lisilo lake itaingia kwenye data na jina hilohilo la makosa, watafiti wengine watailinganisha na za kwao, na atakayeweza kusema hapa kuna kitu hakiko sawa ni yule aliyezishika karatasi zenyewe miaka na miaka.