Wanafunzi wa sosholojia, "karibu" si ridhaa

Msimu wa wanafunzi kwenda vijijini kukusanya data umeanza, na malalamiko ya masheha (viongozi wa shehia hapa Zanzibar) na wananchi yameanza nao. Mimi nasimamia tafiti za sosholojia na anthropolojia chuoni, kwa hiyo naomba tuelewane mapema.

Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kinatumika Bara. Huku unahitaji kibali cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ombi liambatane na barua ya utambulisho ya chuo, andiko la utafiti lililosainiwa na msimamizi, pamoja na dodoso au mwongozo wa mahojiano. Ukishakipata, ripoti mkoani, wilayani, kisha kwa sheha, nakala ikiwa mkononi. Kama andiko linataja Micheweni, usihamie Wete kwa sababu una shangazi huko. Idarani kwetu data iliyokusanywa kabla ya kibali haisahihishwi. Sura inaondolewa na mwanafunzi anaanza upya. Na kuzaliwa Makunduchi si kibali cha kutafiti Makunduchi. Hili nimelieleza mara nyingi mno.

Hata hivyo, sheha akikuruhusu kuingia shehiani hajamkubalia mtu yeyote kwa niaba yake. Nilimfuata mwanafunzi mmoja Jambiani wakati wa bamvua. Maji yametoka, kina mama wanafunga mwani kwa taitai, vile vikamba vyembamba, na wana saa chache tu kabla hayajajaa tena. Yeye kasimama na dodoso la maswali arubaini. Mama mmoja akamwambia, "Karibu mwanangu," huku akiendelea kufunga. Mwanafunzi akaandika: amekubali. Akaanza kuuliza jina kamili, kipato, mpaka ugomvi na mume.

Nilimsimamisha. Kwetu hata mdai hukaribishwa. Mtu aelezwe anaulizwa nini, majibu yanakwenda wapi, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati bila kudaiwa sababu. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi aridhie, na mtoto mwenyewe pia.

Wala kufuta jina hakutoshi. Ukiandika "mjane, mkulima wa mwani, watoto saba, mmoja yuko Oman", kijiji kizima kishamjua.

Jioni mwanafunzi alikwenda nyumbani kwa yule mama, akaeleza upya. Mama alikubali kuzungumzia mwani na bei yake. Habari za mume akakataa. Nafasi ya swali hilo ikabaki tupu, nami nikalisaini dodoso.