Kila mtu ana presha: maana ya shinikizo la damu

Tukisikia "fulani ana presha", tunaelewa kwamba ni mgonjwa. Lakini kila aliye hai ana presha, maana bila hiyo damu isingefika kwenye ubongo wala figo. Presha, yaani shinikizo la damu, ni nguvu ambayo damu husukuma kuta za mishipa inapopita. Ugonjwa ni nguvu hiyo inapopanda na kubaki juu.

Kipimo huwa na namba mbili. Katika 120/80, ya kwanza ni msukumo moyo unapojikaza kutoa damu. Ya pili ni ule unaobaki moyo unapolegea kabla ya pigo jingine. Zikisoma 140/90 au zaidi katika siku tofauti, hapo presha imekuwa ya juu.

Chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hujificha. Ukila nyingi, mwili hubakiza maji ili kuizimua. Damu huongezeka ndani ya mishipa ileile, na moyo hubeba mzigo huo mchana na usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Humo imo hata chumvi iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na vyakula vya kopo. Wengi huacha kujinyunyizia mezani wakadhani wamemaliza kazi.

Sigara haisubiri miaka: nikotini hubana mishipa na kuharakisha mapigo papo hapo. Usingizi nao una sehemu yake, kwani presha hushuka tulalapo, na anayekesha kila siku huunyima moyo nafuu hiyo. Kutembea kwa haraka, jumla ya dakika 150 kwa wiki, huufunza moyo kutoa damu nyingi kwa pigo moja, hivyo ukitulia haulazimiki kudunda mara nyingi.

Presha ya juu kwa kawaida haiumi, kwa hiyo tafadhali pima hata ukijisikia mzima. Kaa kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono umelazwa usawa wa moyo. Usiongee. Subiri kidogo, pima tena, na uandike majibu yote mawili.